Kila Chuma Kina Mgomvi Wake

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo)

   

Leo nataka tuzungumze juu ya vyombo vyetu: ndoo, debe, sufuria na pipa. Mtaniuliza, "Mwalimu, sisi tumezaliwa tumezikuta ndoo, utatufundisha nini juu ya ndoo?" Swali zuri. Nami nitawajibu kwa swali: je, unajua ndoo yako imetengenezwa kwa chuma gani? Na je, unajua ni dawa gani inayogombana na chuma hicho?

Wengi wetu tunadhani chuma ni kitu kilichokufa. Ukimimina kitu ndani yake, kitakaa humo kimya mpaka utakapokitaka. Sivyo, ndugu zangu. Chuma kina tabia. Kuna vitu kinavyopatana navyo, na kuna vitu kinavyogombana navyo. Vikigombana, mmojawapo huliwa. Pengine hutoka joto kali, pengine hutoka hewa ya kuwaka moto, pengine hutoka sumu. Na mwenye kuumia ni wewe uliyeshika ndoo.

NDOO YA MAMA

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana mwalimu asiyesema makosa yake hafundishi vizuri.

Nilikuwa kijana wa shule ya msingi. Kwetu tulikuwa na kahawa, na kahawa ina maadui wawili wakubwa: chulebuni, ambao huozesha buni changa, na kutu ya majani. Siku moja mama alinituma nimuandalie mrututu wa kupulizia. Mrututu mnaujua: ni ile chumvi ya rangi ya buluu inayotokana na shaba. Nikachukua ndoo mpya ya bati, nikatia maji, nikatia mrututu, nikakoroga, nikaiacha usiku kucha ili iyeyuke vizuri. Nilijiona kijana hodari sana.

Asubuhi nikakuta mambo mengine. Ile rangi nzuri ya buluu ilikuwa imefifia. Chini ya ndoo palikuwa na matope mekundu yaliyochanganyika na meusi. Nilipoinyanyua ndoo, ikavuja. Sikumwambia mama. Nikamimina yale maji kwenye bomba, nikapulizia kahawa, nikanyamaza.

Mwaka ule chulebuni ulituharibia kahawa nyingi. Mama alifikiri dawa ilikuwa mbovu, akamlaumu muuzaji. Ada ya dada yangu ilitafutwa kwa kuuza mbuzi. Dawa haikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyeiua dawa ndani ya ndoo.

Nilikuja kuelewa baadaye, nilipokuwa chuo cha ualimu. Ndoo ya bati ni chuma kilichopakwa zinki ili kisishike kutu. Mrututu una shaba ndani yake. Zinki na chuma vikikutana na maji ya mrututu, vyenyewe huyeyuka na kuingia kwenye maji, na shaba hufukuzwa kutoka kwenye maji ikawa matope mekundu. Kwa hiyo ndoo inaliwa, na dawa inabaki chini ya ndoo. Unayopulizia kahawa ni maji ya zinki, si dawa.

Sasa tujifunze jinsi ya kufanya sawasawa. Dawa ya mrututu na chokaa ilianzia Ufaransa, katika mashamba ya zabibu ya Bordeaux, miaka ya 1880. Kipimo chake cha kawaida ni kilo 1 ya mrututu, kilo 1 ya chokaa iliyozimwa, na lita 100 za maji. Fanya hivi:

1. Tumia chombo cha plastiki, cha mbao au cha udongo. Usitumie ndoo ya bati, debe, wala sufuria ya alumini.

2. Weka mrututu kwenye kitambaa au kifuko, uutundike juu juu ndani ya lita 50 za maji. Utayeyuka wenyewe na kushuka chini.

3. Koroga chokaa katika lita 50 nyingine za maji, katika chombo kingine.

4. Mimina maji ya mrututu polepole ndani ya maji ya chokaa, huku unakoroga.

5. Pima kwa kisu. Chukua kisu au msumari uliosuguliwa mpaka uking'aa, uutie ndani ya dawa kwa dakika moja. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, chokaa haitoshi. Ongeza chokaa, kisha upime tena.

6. Tumia dawa siku hiyo hiyo. Usiilaze.

Mmeona hapo namba tano? Ule ugomvi wa chuma na mrututu, uliokula ndoo ya mama, tumeugeuza kuwa kipimo chetu. Ndiyo faida ya elimu. Kitu kile kile kinachomharibia asiyejua, humsaidia anayejua.

Siku hizi wakulima wengi hununua dawa za shaba zilizokwisha kutengenezwa, kama vile kopa nyekundu. Kwa dawa hizo fuata maandishi yaliyo kwenye pakiti, na muulize bwana shamba au bibi shamba. Wenzetu wa Mbozi wana bahati ya kuwa na kituo cha utafiti wa kahawa pale Mbimba. Lakini habari ya chombo haibadiliki: changanya kwenye plastiki, na osha bomba lako kila umalizapo kazi.

PICHA YA MKONO NA CHUMA

Sasa nataka mtazame jambo moja. Kwenye mikebe na chupa za dawa kali huchorwa alama ndani ya umbo la pembe nne lenye mstari mwekundu. Kuna alama inayoonyesha chupa mbili za kioo zinamimina. Chupa moja inamimina juu ya kipande cha chuma, na chuma kinaliwa. Chupa ya pili inamimina juu ya mkono wa mtu, na mkono unaliwa.

Alama hiyo hutumika duniani kote. Anayejua kusoma na asiyejua kusoma wote wanaweza kuielewa. Inasema: kitu hiki hula chuma, na hula ngozi. Ukiiona, jiulize mara moja: je, chombo nilichoshika kitakiweza kitu hiki? Je, mikono yangu imefunikwa? Je, macho yangu?

Vitu viwili vyenye alama hiyo vimeingia sana vijijini mwetu. Cha kwanza ni kostiki ya kutengenezea sabuni. Cha pili ni asidi ya betri.

KOSTIKI NA SUFURIA

Kina mama wengi wa Iringa na Mbeya mmejiunga kwenye vikundi vya kutengeneza sabuni. Ni kazi nzuri, inaleta fedha nyumbani. Lakini kostiki si chumvi ya mboga.

Nilikwenda kutembelea kikundi kimoja. Mama mmoja alikuwa amefungwa bendeji mkono mzima. Nikamuuliza, "Mama, pole, umepatwa na nini?" Akanijibu, "Mwalimu, sufuria ilichemka bila moto." Wenzake wakacheka. Lakini alisema kweli tupu. Alikuwa ametia kostiki na maji katika sufuria ya alumini. Alumini na kostiki ni wagomvi wakubwa. Maji yakapanda povu, yakatoa moshi, yakafurika na kumwagikia mkononi.

Kwa nini? Kwanza, kostiki yenyewe ikiingia kwenye maji hutoa joto kali hata bila sufuria. Pili, kostiki huila alumini kwa haraka, na ugomvi huo unaongeza joto juu ya joto. Tatu, katika ugomvi huo hutoka hewa iitwayo haidrojeni. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na inashika moto kwa kishindo. Kama jiko la mkaa lipo karibu, mnaweza kupata mlipuko.

Kwa hiyo kina mama, shikeni haya:

1. Kostiki itiwe katika ndoo nzito ya plastiki, au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Isitiwe kamwe katika sufuria ya alumini wala ndoo ya bati. Kijiko cha kukorogea kiwe cha mbao.

2. Tia kostiki ndani ya maji, kidogo kidogo. Usimimine maji juu ya kostiki, maana itaruka ikupate usoni.

3. Fanya kazi nje, mahali penye upepo. Watoto wakae mbali. Vaa glavu, funika macho.

4. Ikikumwagikia, mwaga maji safi mengi juu ya mahali hapo kwa muda wa dakika 20 au zaidi. Usipake mafuta, usipake unga, usipake dawa ya meno. Maji, na maji tena. Kama ni jichoni, osha maji huku unapelekwa zahanati.

Ukitaka kuona ugomvi huu kwa udogo wake, tazama sufuria unayopikia maharage yaliyotiwa magadi. Ndani inakuwa nyeusi. Magadi ni mdogo wake kostiki. Kama mdogo anaweza kuitia sufuria weusi, kaka mtu atafanya nini?

ASIDI YA BETRI

Siku hizi umeme wa jua umefika hata vijiji visivyokuwa na nguzo. Tunashukuru. Lakini pamoja na umeme huo zimekuja betri kubwa, na betri nyingi kati ya hizo zina risasi pamoja na asidi ya sulfuri.

Asidi hiyo inagombana na chuma, zinki na alumini. Ukiimimina katika ndoo ya bati utaona mapovu. Mapovu hayo ni ile ile haidrojeni niliyoitaja. Kwa hiyo asidi ya betri isiwekwe katika chombo cha chuma. Wala isiwekwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, maana mtoto mwenye kiu hasomi, anakunywa. Iache katika chombo chake ilichonunuliwa nacho, chenye jina lake, juu, mahali pa kufungwa.

Na kama fundi anataka kupunguza ukali wa asidi kwa maji, sheria ni moja: asidi huingia ndani ya maji, polepole. Maji hayaingii ndani ya asidi. Ukigeuza, itachemka na kukurukia.

Betri inapochajiwa nayo hutoa haidrojeni. Kwa hiyo usiichaji ndani ya chumba mnacholala kilichofungwa madirisha. Usiimulike kwa kibiriti wala koroboi ili kuona maji yamefika wapi. Usiweke spana au waya juu yake ukagusisha vichwa vyote viwili, maana cheche moja inatosha kuipasua.

Halafu kuna jambo la betri iliyokufa. Wako vijana wanaozipasua kwa nyundo, wanamwaga asidi kwenye majani, wanayeyusha risasi motoni ili wauze au watengeneze vizito vya nyavu. Ndugu zangu, moshi wa risasi ni sumu, na vumbi lake ni sumu. Sumu hiyo humwingia zaidi mtoto mdogo, humpunguzia akili, na haimrudishii. Kule Kenya, katika mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi za betri katikati ya makazi ya watu. Watoto na wakubwa walikutwa na risasi katika damu. Wananchi walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama iliamua kwamba walidhulumiwa na walipwe fidia. Fidia ni haki. Lakini fidia haiwezi kumrudishia mtoto akili zake. Betri iliyokufa irudishe kwa wanunuzi ikiwa nzima, haijapasuliwa.

ULANZI KATIKA NDOO YA BATI

Wenzetu wa Iringa sasa wanatabasamu, wanaona nimefika nyumbani kwao. Ulanzi nao unahusikaje na dawa na vyuma?

Unahusika. Ulanzi ukigemwa ni mtamu, lakini haukai muda mrefu kabla ya kuanza kuwa mkali. Ule ukali ni asidi. Si asidi kali kama ya betri, lakini ni asidi. Ndimu ina asidi, siki ina asidi, maziwa mgando yana asidi, togwa iliyochacha ina asidi. Vitu vyote hivyo vinagombana na zinki ya ndoo ya bati.

Wazee wetu waligema ulanzi kwa mbeta, kikombe cha mwanzi, wakauweka katika vibuyu na mitungi. Hawakusoma kemia, lakini walikuwa sawa. Mwanzi, kibuyu na mtungi havigombani na ulanzi. Sisi tuliosoma ndio tunaolaza ulanzi katika ndoo ya bati kwa ajili ya arusi ya kesho. Zinki inayeyuka taratibu. Kesho yake wageni wanakunywa, na muda si mrefu wanashikwa na kichefuchefu, wanatapika, tumbo linakata. Kisha tunasema wamerogwa! Au tunamlaumu mpishi.

Hatari kubwa zaidi ni mapipa na madumu yaliyokuwa na dawa za shambani. Hayo hayafai kuwekewa ulanzi, wala maji, wala mafuta ya kula, hata ukiyaosha mara kumi. Dumu la dawa likiisha, lioshe mara tatu kwa maji, maji hayo yamwage ndani ya bomba la kupulizia, kisha litoboe ili mtu mwingine asilitumie.

ZEBAKI YA CHUNYA

Nimeliweka jambo hili la mwisho kwa sababu ndilo zito kuliko yote.

Dhahabu ya Chunya ina historia ndefu. Iligunduliwa katika eneo la Lupa mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 watu walimiminika huko kutoka kila upande. Mpaka leo vijana wetu kutoka Mbeya, Iringa na mikoa mingine wanakwenda Chunya na Makongolosi kutafuta maisha. Wanarudi na fedha, au wanarudi mikono mitupu. Lakini wengine wanarudi na kitu kingine ambacho hawakijui.

Ndugu zangu, zebaki ni metali kama chuma na shaba, ila yenyewe ni ya majimaji. Tabia yake ni ya ajabu. Inapenda kuzimeza metali nyingine. Inaimeza dhahabu, ndiyo maana wachimbaji wanaitumia. Mchanga uliosagwa huoshwa, ukachanganywa na zebaki, na zebaki ikakusanya chembe za dhahabu. Kisha donge hukamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki.

Inapaa kwenda wapi? Hapo ndipo penye swali. Mvuke wa zebaki hauonekani na hauna harufu. Unaingia puani kwa anayechoma, na kwa mke wake, na kwa mtoto aliye mgongoni. Unatulia juu ya paa, juu ya mboga, juu ya vyombo. Mvuke huo hudhuru ubongo na figo. Mikono huanza kutetemeka, usingizi hupotea, hasira huja bila sababu, kumbukumbu hupungua. Mama mjamzito humpitishia sumu mtoto aliye tumboni. Na ile inayoanguka mtoni hugeuka sumu kali zaidi, ikaingia katika samaki. Hayo yalionekana wazi kule Minamata, Japani, mwaka 1956, ambako kiwanda kilimwaga maji yenye zebaki baharini. Watu waliokula samaki walipooza, na watoto walizaliwa na vilema.

Wako wanaochoma donge jikoni, juu ya jiko la mkaa, katika sufuria ile ile ya ugali. Hapa mna makosa mawili kwa pamoja. Kosa la kwanza ni mvuke ndani ya nyumba. Kosa la pili ni sufuria ya alumini. Zebaki inaishambulia alumini, inaivua ngozi yake inayoilinda, na sufuria huanza kuota unga mweupe na kutoboka. Kwa sababu hiyo zebaki hairuhusiwi kubebwa ovyo katika ndege, maana ndege nyingi mwili wake ni alumini. Lakini zebaki haina ugomvi na chuma cha kawaida. Ndiyo maana biashara ya dunia huisafirisha katika chupa za chuma, zenye kilo kama 34 na nusu kila moja. Mnaona jinsi wanaojua wanavyochagua chombo?

Kama zebaki inatumika bado, basi donge lichomwe katika retoti. Retoti ni chungu cha chuma kilichofungwa, chenye bomba linalotoka na kupoozwa kwa maji. Zebaki ikipaa hupita katika bomba, ikapoa, ikarudi kuwa majimaji, ukaikusanya na kuitumia tena. Umejilinda na umeokoa fedha. Kazi hiyo ifanyike mbali na nyumba, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nguo za watoto.

Sasa nisikilizeni vizuri ninyi mnaofanya kazi kwenye marudio. Mchanga uliokwisha kuoshwa kwa zebaki hupelekwa kwenye matangi ya sianidi ili kutoa dhahabu iliyobaki. Sianidi nayo inaiyeyusha zebaki iliyosalia katika mchanga huo. Zikiungana, zebaki inasafiri na maji kwenda mbali zaidi, na ile inayonaswa pamoja na dhahabu itapaa mtakapochoma. Hapo mmechanganya sumu mbili ambazo hazikupaswa kukutana.

Mataifa yameliona jambo hili. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba huo unazitaka nchi zichukue hatua za kukomesha mambo manne katika uchimbaji mdogo: kumwaga zebaki katika mawe yote yaliyosagwa bila kuyaosha kwanza; kuchoma donge wazi; kuchoma donge katika makazi ya watu; na kutia sianidi katika mchanga wenye zebaki kabla ya kuiondoa zebaki hiyo.

Jambo moja zaidi juu ya sianidi. Sianidi na asidi havikutani. Vikikutana hutoa hewa inayoua mtu kwa dakika chache. Ndiyo sababu matangi hutiwa chokaa. Kwa hiyo asidi na sianidi visiwekwe stoo moja, na ndoo iliyokuwa na asidi isichotee maji ya tangi.

MASWALI MATATU YA KUJIULIZA

Ndugu wahitimu, wazee kati yetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakuishia kwenye maneno. Nasi tufanye vivyo hivyo. Kabla ya kumimina dawa yoyote katika chombo chochote, jiulize:

1. Hiki ni nini? Soma lebo. Tazama alama. Kama hakina jina, usikiguse.

2. Chombo changu ni cha chuma gani? Ni bati, alumini, chuma, shaba au plastiki?

3. Je, hivi viwili vinapatana? Kama hujui, uliza kwanza. Muulize bwana afya, bibi shamba au mwalimu. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inayo ofisi ya kanda yetu ya Nyanda za Juu Kusini mjini Mbeya. Kuuliza si ujinga.

Tulijifunza kusoma ili tuweze kuandika barua na kuhesabu fedha zetu. Hilo ni jema. Lakini kusoma kwenye manufaa ni pamoja na kusoma maneno madogo yaliyo kwenye mkebe wa dawa. Mimi siku ile nilikuwa najua kusoma. Mrututu ule ulikuwa na karatasi yake, na huenda ilieleza habari ya chombo. Sikuisoma. Mama yangu, ambaye hakujua kusoma, alinituma mimi kwa sababu aliniamini kuwa msomi wa nyumba.

Katika nyumba yako, msomi ni wewe. Wanakuamini. Usiwaangushe.

 Elimu haina mwisho.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mrututu hauchanganywi katika ndoo ya bati? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.

2. Mwenzenu amemwagikiwa na kostiki mkononi. Mtafanya nini kwanza? Ni mambo gani hamtafanya?

3. Taja vyombo vinavyofaa kuwekea ulanzi, na vile visivyofaa.

4. Je, katika kijiji chenu kuna watu wanaopasua betri au kuchoma donge la dhahabu nyumbani? Kikundi chenu kitawasaidiaje bila kugombana nao?

5. Nenda nyumbani, kagua mikebe na chupa zote za dawa. Andika jina la kila moja na alama uliyoiona. Leta daftari lako katika kikao kijacho.